Sindano Thelathini na Saba

Kama unakohoa na umeanza kukificha kikohozi chako, haya nakuandikia wewe. Mambo ya kitabibu siyajui, waulize wenye kuyasomea. Ninachokijua ni kukaa kwenye benchi la zahanati tangu umande haujakauka, kuvaa gauni la mwaka jana ukaliona limekuwa la mtu mwingine, na kutengewa kikombe chako peke yako ndani ya nyumba yako mwenyewe.

Kwanza unijue. Mimi Somoe ni mtu wa kushuku. Muuza samaki akinipunguzia bei bila kubembelezwa, samaki yule namnusa mara mbili. Marehemu mama alikuwa akisema hata ziwa nilikuwa nalinyonya huku namkodolea macho. Tabia hii imeniponya mara nyingi, na mara moja ilikaribia kuniua. Mara hiyo ndiyo nataka kuisimulia.

Tulikuwa tumehamishiwa kijiji cha ujamaa, bara ya Kilwa, mbele ya Mitole. Nyumba zetu zilipangwa mistari kama darasani, na zahanati tuliijenga kwa mikono yetu, matofali tukifyatua kwa zamu. Daktari wa kwanza aliyeletwa alikaa miezi michache tu. Siku moja asubuhi alikutwa anatapika na kutetemeka miguu, akapakiwa kwenye Landrova, hakurudi. Wakubwa wa wilaya wakaja wakatukusanya, wakatuambia wazi kwamba hatujui kutunza watu. Wa pili akitukimbia, hatuletewi wa tatu.

Ndipo ikaundwa kamati ya matunzo ya daktari. Mwenyekiti alikuwa Mzee Chande, mwenyekiti wa kijiji, na katibu nikawa mimi, kwa sababu nilikuwa nimemaliza kisomo cha watu wazima na mwandiko wangu unasomeka. Kazi yangu ilikuwa kupanga zamu. Nyumba kumi hizi maji, kumi zile kuni, kumi nyingine chakula kilichopikwa. Shamba la daktari lilikuwepo tangu wa kwanza, nyuma ya nyumba yake. Mbegu niliichagua mimi, mihogo michungu, ile ambayo nguruwe mwitu akiionja hurudi porini. Mihogo mitamu ingeliwa yote kabla daktari hajajua mlango wa jikoni uko wapi. Watu walinisifu kwa akili hiyo, na mimi nilizipokea sifa.

Wa pili aliitwa Kamugisha, kijana kutoka Bukoba, mrefu, mwenye sauti ya chini. Karatasi zake zilisema mganga msaidizi. Sisi tulimwita daktari, maana aliyeko ndiye huyo.

Siku ya kwanza tu nikamtilia shaka. Alipokea maji ya kunywa, akayachemsha. Maji ya kisima chetu! Alipokea chakula kwa mikono miwili, akashukuru, akaingia ndani, akafunga mlango. Kwetu mtu hali amejifungia. Anayefunga mlango kwenye sahani ama ni mchoyo, ama ana jambo. Halafu akaanza kuandika majina ya wanaokohoa, akawapa vikopo wateme kohozi, na vikopo akavipakia kwenye lori la kijiji kwenda mjini.

"Kohozi la mtu mjini linafanya nini?" nilimuuliza wifi yangu Fatu, dada wa mume wangu, aliyekuwa amekuja kututembelea.

"Leo kohozi," Fatu akasema, "kesho damu. Hujawasikia mumiani wewe?"

Nilikuwa nimewasikia. Nani pwani hii hajasikia habari za watu wanaonyonya damu ya wenzao wakaenda kuiuza? Nikayabeba maneno yale mpaka kisimani, na kisimani maneno hayahitaji lori. Katika wiki mbili nyumba za zamu ya maji zikaanza kuchelewa, ndoo nne zikawa mbili. Mimi katibu niliona, nikanyamaza. Nilikuwa nimeanza kutamani aondoke.

Na muda wote huo mimi mwenyewe nilikuwa nakohoa.

Kilianza msimu wa korosho, nikasingizia moshi wa kukaanga korosho, ambao kweli unakera koo. Msimu ukaisha, moshi ukaisha, mimi naendelea. Usiku natoka jasho mpaka kanga inakamulika. Mabega yakachomoza. Pete ya ndoa ikaanza kunivuka nikifua, nikaifunga uzi. Mume wangu Issa akawa ananitazama kwa pembeni. Mficha maradhi kifo humuumbua. Nilimwambia mtu mwingine methali hiyo, jina langu nikaliruka.

Kilichoniumbua mimi kilikuwa kisimani, mbele ya wanawake sita. Nilikohoa nikiwa nimeinama, nikafuta mdomo kwa ncha ya kanga, na ncha ikawa nyekundu. Wakanipisha niteke kwanza, na hapo nikajua.

Jioni ile ile Fatu alikuja na mfuko. "Mama Zuhura, usinielewe vibaya," akasema. "Namchukua mtoto niende naye Kilangala mpaka upone." Alikuwa ameolewa huko, Kilangala ya Lindi. Zuhura alikuwa na miaka sita. Nilimtazama Issa nikitegemea atakataa. Issa akawa anatafuta viatu vya mtoto chini ya kitanda. Moyo uliniuma kuliko kifua. Nilimchukia kwa mwezi mzima, na sasa ninajua kwamba alikuwa sahihi.

Basi nikaenda kwenye zahanati niliyoipangia zamu za maji na kuni, nikakaa kwenye benchi kama watu wengine. Nikatema kohozi kwenye kikopo. Siku kumi baadaye lori lilirudi na majibu, na Kamugisha akaniita chumbani.

"Mama, ni kifua kikuu," akasema. "Sindano sitini, kila siku moja, usikose hata siku moja. Baada ya hapo vidonge, mwaka na zaidi."

"Na mwanangu?"

"Kohozi likiwa safi, mtoto atarudi. Ukiacha katikati, ugonjwa unarudi, tena mkaidi."

"Sindano zina nini ndani?"

"Dawa."

"Dawa gani?"

Akaniandikia jina. Nikalisoma herufi kwa herufi, sikulielewa, nikalikunja nikalifunga kwenye pindo la kanga. Sikumwamini. Lakini Zuhura alikuwa Kilangala, na njia ya kumrudisha ilipita kwenye makalio yangu.

Wasiowahi kuchomwa sindano sitini nawaeleza. Ya kumi huwezi kukalia upande mmoja, ya ishirini huwezi kukalia pande zote mbili. Mdomo unakufa ganzi kwa saa nzima, ukinywa uji unadondokea kidevuni. Masikio yanavuma kama mzinga wa nyuki. Njia ya kurudi nyumbani, ambayo nimeipita maelfu ya mara, inainuka upande mmoja, unatembea umeshika miti. Hakuna aliyeniambia kwamba ni dawa inayofanya hivyo. Niliamini ananiwekea sumu kidogo kidogo. Nikaenda tu kila asubuhi, natazama sindano inavyochemshwa, naangalia ameitoa sufuria ipi, isije ikawa ya mtu mwingine.

Siku ya tisa tulikaa benchi watu saba mpaka jua limesimama kichwani. Hakuna sindano. Kamugisha akatoka akatuambia kwa upole, "Sina maji ya kuchemshia. Zamu haijaleta."

Wenzangu wakanigeukia mimi, katibu. Nilijua ni nyumba zipi, na nilijua waliambiwa nini kisimani na aliyewaambia. Nilinyanyuka, nikachukua ndoo, nikaenda kuteka mwenyewe, nikitua kila hatua ishirini kukohoa. Niliona aibu, ila bado haikuwa aibu ya kutosha kuniachisha kushuku.

Kwa maana hapo hapo lilikuja jambo jingine. Siku ya zamu ya nyumba yangu, Issa alipika wali wa nazi na samaki, mimi nikiwa siruhusiwi kugusa sufuria, akaupeleka. Jirani yetu mmoja akaona Kamugisha akitoka mlango wa nyuma na sahani ile ile, akiwamwagia kuku. Wali wa nazi, kuku! Habari ilinifikia kabla sahani haijarudi. Kumwaga chakula cha mtu ni kumwita mchawi bila kufungua mdomo.

Kumi na tisa. Ishirini. Mvua za masika zilianza, benchi likahamia barazani. Kamugisha alikuwa amekonda hata kunizidi, shati likimning'inia. Nikafurahi, nakiri. Nilisema moyoni, na aendelee kufunga mlango.

Siku ya ishirini na tatu, baada ya sindano, nilikuwa nimekaa ukingoni mwa zahanati nasubiri dunia iache kuzunguka. Nikamwona akitoka shambani kwake na mihogo mitatu, udongo mbichi bado umeshikamana. Akaimenya kwa kisu, akaikatakata, akaitia sufuriani. Hasira zilinipanda. Chakula chetu anawapa kuku, halafu anakwenda kuchimba mwenyewe kama mkimbizi. Nikaondoka bila kumuaga.

Issa alikuwa uani anaanika makopa juu ya jamvi, mihogo iliyomenywa na kukauka, ya kutwanga unga. Nikamwaga hasira yangu yote. Kwamba huyu mtu hatutaki, kwamba anachimba mihogo kwa siri mchana kweupe.

"Atakuwa anaanika," Issa akasema.

"Haaniki. Ameinjika sufuria."

"Mibichi?"

"Mibichi."

Mkono wa Issa ukasimama juu ya jamvi. Tukatazamana.

Kwetu hakuna mtu anayefundishwa kwamba mihogo michungu haichemshwi mibichi. Unazaliwa unajua, kama unavyojua moto unachoma. Unaimenya, unaianika siku na siku, unaitwanga, ndipo unaila. Ukiichemsha mibichi inaua. Nguruwe anajua. Lakini mtu wa Bukoba kakulia ndizi, nani alimwambia? Hakuna aliyemwambia. Na yule wa kwanza, aliyetetemeka miguu mpaka akapakiwa kama gunia, naye nani alimwambia? Sisi tulisema karogwa, wengine wakasema mwili wake mlaini. Shamba lilikuwa mlangoni kwake, na mbegu nilichagua mimi.

Nilikimbia. Issa alinipita lakini mimi nilikimbia vilevile, na mapafu yale. Kila mwembe niliushika nikakohoa nikaendelea. Nilipofika Issa alikuwa anapiga mlango uliofungwa kwa ndani.

"Daktari!" nikaita. "Ni Somoe! Umekula?"

Kisha sauti yake, karibu sana na mlango. "Mmeniwekea nini?"

"Hatujakuwekea kitu! Mihogo yenyewe! Usile!"

"Nimekula vipande viwili."

"Vitoe! Tia kidole kooni, vitoe!"

Tukamsikia anatapika. Issa akausukuma mlango mpaka kitasa kikang'oka. Kijana alikuwa amepiga magoti, jasho limemjaa, anatetemeka mikono. Mle ndani hamkuwa na kitu cha ajabu hata kimoja. Kitanda, stovu, picha ya mama yake. Issa akamnywesha maji, akatapika tena, akamnywesha tena. Mzee Chande alipofika tulikuwa tumemlaza kwenye mkeka barazani, kichwa kinamgonga, lakini macho yameanza kuona. Alitueleza mwenyewe mapigo yake tuyahesabu vipi. Tulikaa naye mpaka alasiri.

Alipoweza kuzungumza alinitazama mimi.

"Mwenzangu aliyeondoka aliniandikia," akasema. "Akaniambia kijiji hiki wana sumu, usile chakula cha mtu yeyote, pika mwenyewe. Ndiyo maana."

"Ndiyo maana kuku wetu wamenenepa," Mzee Chande akasema. Hakuna aliyecheka.

"Mama Somoe, kwa nini mlinipandia sumu mlangoni?"

"Kwa sababu nguruwe hawaili."

Alifunga macho. Nilidhani ameudhika, kumbe anacheka bila nguvu. "Basi nguruwe wa huku wana elimu kunizidi," akasema. Kisha akauliza lile ambalo mpaka leo nalifikiria. "Umekimbia na kifua hicho. Ungeweza kufa njiani. Wewe ndiye usiyenipenda kuliko wote, nimeambiwa. Kwa nini umekuja?"

Ningeweza kumdanganya. Mtu aliyelala kwenye mkeka anastahili maneno mazuri. Lakini nilikuwa nimechoka, na mdomo wangu bado ulikuwa na ganzi ya asubuhi.

"Nimebakiwa na sindano thelathini na saba," nikamwambia.

Hapo ndipo watu walipocheka, na yeye mwenyewe akawa wa kwanza.

Siku ya pili Mzee Chande aliitisha mkutano. Nilisimama mbele ya kijiji kizima nikiwa nimejifunga kitambaa mdomoni. Nilisema mbegu niliichagua mimi, na maneno ya mumiani niliyapeleka kisimani mimi, na damu iliyoonekana kisimani ilikuwa yangu na ni kifua kikuu, na kama kuna mwenye kukohoa aende akachukue kikopo. Mwanamke mmoja akauliza kwa ukali, "Kwa hiyo tulikuwa tukimnyima maji mtu anayekuchemshia wewe sindano?" Nikasema ndiyo. Akasonya, na ilikuwa haki yake. Ukatibu nilitaka kuuacha. Mzee Chande akakataa. Aliyeharibu ndiye atakayetengeneza, akasema.

Tukatengeneza. Zamu ya chakula ikabadilika. Anayempelekea daktari chakula, anaketi naye barazani, anakula wa kwanza, halafu wanakula wote. Kumbe hilo peke yake lingetosha tangu mwanzo. Tulimpa maji, kuni, nyumba na shamba, tukasahau kumpa mtu wa kumwambia mambo. Tukateua wazee wawili na wanawake wawili wa kumweleza kila kitu tunachodhani kinajulikana. Mbu wa wapi wabaya, njia ipi hukatika masika, nani hasemeshwi asubuhi. Ile mihogo tuliing'oa, tukapanda mitamu, na vijana wakajenga dungu la kulindia nguruwe.

Usidhani nilibadilika siku ile nikawa malaika. Niliendelea kutazama sindano ikichemka. Niliendelea kunusa vidonge. Tofauti ni kwamba sasa nikishuku nilikuwa namuuliza mwenyewe. Nikamuuliza mvumo wa masikio, akanieleza ni dawa, akapunguza kidogo kipimo, mvumo ukatulia. Siku zote zile ningeuliza, ningepona ile hofu mapema. Mwenye kuugua, sikia neno langu: shuku unavyotaka, ila shaka zako zipeleke kwa mganga, usizipeleke kisimani.

Ya thelathini ilikuta mpunga umechanua. Ya sitini ilikuta unavunwa. Hakuna ngoma iliyopigwa, alinichoma, akapangusa kwa pamba, akasema, "Kesho usije." Nilikaa benchi kidogo hata hivyo, sikuwa najua asubuhi nyingine naenda wapi.

Vikopo vitatu vikaenda mjini. Njia ilikuwa imekatika, lori likakaa huko wiki tatu. Wiki zile tatu zilinikondesha upya. Majibu yalipokuja Kamugisha alinisomea mara mbili, nikamwomba anipe karatasi nijisomee, akanipa. Safi, safi, safi. Nililia palepale mbele ya wagonjwa, sikujali.

Issa alikwenda Kilangala siku ya pili. Alirudi na Zuhura korosho zimeanza kutoa maua.

Nilikuwa nimenenepa mashavu, pete imerudi kidoleni bila uzi. Nilimfungulia mikono. Zuhura akasimama mlangoni, ameshika suruali ya baba yake. Alikuwa amefundishwa vizuri huko alikokuwa. Akataka kujua kikombe chake ni kipi na changu ni kipi. Akala mbali, akinitazama kila tonge ninavyolimeza. Alipolala alilala upande wa Issa. Sikumlaumu. Macho yale niliyajua, yalikuwa yangu. Lakini iliniuma, na mtu atakayekuambia kwamba ukipona watu wako wanakurudia siku hiyo hiyo, anakudanganya. Wiki nzima iliisha hivyo.

Siku moja mchana nilikuwa nachambua mchele, akaja akasimama kwenye kona ya jamvi.

"Mama, umepona kweli?"

"Nimepona. Bado vidonge tu."

"Nani kasema?"

"Daktari kasema. Na karatasi imesema."

"Mimi sijui kusoma."

"Basi utaniamini mimi?"

Akakuna mguu mmoja kwa mguu mwingine. Akasogea, akapiga magoti, akasukuma ungo pembeni, akaweka sikio lake kifuani pangu. Ilikuwa mara ya kwanza ananigusa tangu korosho za mwaka uliopita.

"Kohoa nisikie," akasema.

Nikakohoa.

Akasikiliza. Hakuondoa kichwa.

"Tena," akasema.